Maana ya Breki

Kambini, 9 Februari

Kwako Afande Sajenti,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Huku simu zilikusanywa siku ile ile tuliyofika zikatiwa kwenye gunia, kwa hiyo usishangae nakuandikia kama walivyoandikiana babu zetu. Kalamu nimeazima, karatasi nimepewa na mpishi.

Nimepangiwa lori. Linabeba maji, siku nyingine mikate, na likiwashwa asubuhi linakohoa kama mzee. Nalipenda. Nilipoitwa jeshini niliogopa nitapewa bunduki niambiwe nikimbie milimani, lakini aliyekuwa anatugawa alinitazama akauliza, "Wewe ni polisi, dereva? Panda pale." Basi nikapanda. Unanijua, nikishika usukani sina neno na mtu.

Nina ombi moja, na usicheke. Huku hakuna anayelijua jina langu la kituoni. Wananiita Dereva, wengine Polisi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi nimekaa mezani na wenzangu nikala bila mtu kujifanya anarushwa mbele na kugonga paji la uso kwenye sahani. Hapo kituoni sikusema kitu, maana ningesema mngezidisha. Najua ulilitunga kwa utani, na mdomo wako ulipasuka ukashonwa kwa sababu yangu, kwa hiyo ulikuwa na haki ya kucheka kidogo. Lakini mpira uliingia barabarani, Afande, na mpira ukiingia barabarani dereva anajua kuna mtoto nyuma yake. Kwamba siku ile mtoto hakutokea, na wezi tuliokuwa tunawafukuza wakaenda zao, mimi ningefanyaje?

Nasikia mwenzetu Ngazi naye ameitwa na analetwa kikosi hiki hiki. Nakuomba umwambie jina aliache hapo hapo, juu ya kabati la chai. Akifika huku nitampokea kama ndugu, na yeye aniite Dereva kama wengine.

Lisalimie gari letu. Gia ya pili msiilazimishe.

Dereva wako


Kituoni, 26 Februari

Kwako Breki,

Haya, haya. Dereva. Mkono umeshazoea.

Barua yako nimeisoma wakati wa chai nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Tangu lini ukawa na ngozi laini hivyo? Kituo hiki nani hana jina? Ngazi ni Ngazi kwa urefu wake. Karani wetu tunamwita Kesho, na ukienda kumwomba kitu unajua kwa nini. Mkuu wa Kituo mwenyewe akigeuza mgongo unajua tunamwitaje. Umewahi kumwona nani analia?

Gari lako amepewa dereva kutoka trafiki. Anaendesha kana kwamba amebeba mayai, na gia ya pili ameshailazimisha. Njoo haraka uliokoe.

Ngazi anaondoka Jumanne. Ombi lako nimelisikia. Nimempa mzigo mdogo akuletee, zawadi kutoka kwetu sote. Usiufungue ukiwa peke yako, ngoja watu wawe karibu.

Sajenti


Kambini, 20 Machi

Afande,

Mzigo umefika. Ngazi aliutoa wakati wa chakula cha jioni mbele ya kikosi kizima, kama ulivyomwagiza. Pedeli ya breki ya gari letu la zamani, imepakwa rangi nyekundu na kuandikwa BREKI kwa herufi kubwa. Umeipaka vizuri, sikujua una mkono huo. Wakauliza maana yake. Ngazi akasimama akawasimulia, nawe unamjua Ngazi akianza kusimulia. Mpira ulianza ukiwa mpira, ukawa chungwa, na mwisho wa hadithi nilikuwa nimebreki kwa kukiogopa kivuli changu.

Nilicheka nao. Nilicheka kuliko wote.

Sasa mpishi ananiita Breki. Luteni ananiita Breki. Kwenye msafara wa malori wananiweka nyuma kabisa, wanasema nikikaa mbele hawatafika. Ni utani, najua, wala usidhani nakulaumu.

Ila kuna jambo moja nakuomba, na hili si la mzaha. Mke wangu hajui. Alilisikia hilo jina siku mlipokuja kwangu, wageni mlipoondoka akaniuliza maana yake. Nikamwambia wananiita hivyo kwa sababu mimi ndiye ninayewasimamisha wahalifu, kwamba wakiniona kwenye usukani wanajua safari yao imeishia hapo. Alifurahi sana. Siku hizi hata watoto wanalitumia. Hilo moja niachie.

Haya mengine nitayamaliza mwenyewe. Nitawaonyesha kwamba na kwenda pia najua.

Breki


Kituoni, 7 Aprili

Breki wangu,

Kuhusu shemeji usiwe na wasiwasi, mdomo wangu ulishashonwa, wewe mwenyewe ni shahidi.

Nilipokuwa nasoma barua yako nilidhani umenuna. Nilipofika chini nikaona umeweka sahihi "Breki" kwa mkono wako, nikajua yameisha. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu akilivaa jina mwenyewe, wenzake huchoka kulitania.

Siku ile kwenye gari nilikupigia kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" Hukukanyaga. Sasa umepata barabara mpya na watu wapya. Unasema utawaonyesha? Waonyeshe basi. Kanyaga, ndugu yangu. Ukirudi nitalifuta hilo jina mimi mwenyewe mbele ya gwaride la asubuhi, na chai ya wiki nzima ni juu yangu.

Sajenti


Kwa mama, 15 Septemba

Shemeji,

Samahani nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu nikianza kuongea nalia, na wewe unanyamaza, tunaachana hakuna aliyesema kitu. Tangu mazishi ya mume wangu nimehamia kwa mama pamoja na watoto. Nyumba ni ndogo lakini kelele zake zinanisaidia.

Mkuu wenu mpya wa Kituo alinitafuta. Alinieleza kwamba ukuta wa majina pale makao makuu ni wa polisi waliokufa wakiwa kazini, na waliokufa wamevaa nguo za jeshi waliachwa, eti hao ni wa jeshi. Jeshi nalo linasema hao ni wa polisi. Akaniambia jambo hilo linamnyima raha, na kwamba kituo kitaweka jiwe lake karibu na mlango, la mume wangu na wenzake wawili wa miaka ya nyuma. Nililia, ila safari hii nililia kwa kushukuru. Sikutaka abaki katikati kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Akasema wewe ndiye unayesimamia maandishi, na hapo moyo wangu ukatulia kabisa. Nataka chini ya jina lake pachongwe na jina la Breki. Aliniambia wewe ndiye uliyempa, na aliniambia maana yake. Hujui ulitupa kitu gani, Shemeji. Alikuwa akirudi kutoka kazini amechoka hoi, binti yake anamkimbilia mlangoni akipiga kelele, "Breki amekuja, wezi simameni!" Naye anasimama pale pale, anainua mkono kama trafiki, na sisi sote tunaganda, hata mimi na mwiko wangu, mpaka ashushe mkono. Siku nyingine nilikuwa naunguza chakula kwa ajili ya mchezo huo.

Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru sasa.

Mke wa Breki


Kituoni, 24 Septemba

Shemeji,

Pole na majukumu. Wasalimie watoto na mama.

Jiwe linaendelea vizuri. Ni jeusi, limeng'arishwa, na litawekwa mahali ambapo kila anayeingia kituoni atalipita. Kuhusu jina la utani, nasikitika kwamba utaratibu hauruhusu. Panachongwa cheo, jina kamili na tarehe, basi. Na hata mimi naona lile jina ni la kwenye chai tu, halifai kuwekwa pamoja na mambo ya heshima. Tuliache.

Tena usinishukuru. Sikufanya lolote la kushukuriwa.

Sajenti


Kwa mama, 6 Oktoba

Shemeji,

Nimezungumza na Mkuu wa Kituo. Anasema utaratibu kama huo haupo, na kwamba jina la Breki amelipenda mno, anataka hata kulitaja kwenye hotuba yake. Sasa sijui kwa nini uliniambia vile. Nimejiambia labda umechoka, au mtu alikueleza vibaya. Sijakasirika.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita alikuja askari mmoja wa jeshi anayetembelea mkongojo. Ndiye aliyekuwa amekaa na mume wangu kwenye lori siku ile. Alikaa kwenye kochi la mama, akakataa chai, akasimulia bila mimi kumuuliza.

Anasema walisimamishwa kabla ya daraja kwa sababu barabara ya mbele ilikuwa haijakaguliwa kama ina mabomu. Malori yote yakazima injini. Mume wangu alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mtu mmoja kutoka lori la mbele akampigia kelele, "Leo raha yako, Breki, wote tumesimama kama wewe!" Watu wakacheka. Akawasha lori, akatoka kwenye mstari, akaanza kuwapita mmoja mmoja. Huyu askari akamshika mkono akamwambia simama. Akamjibu, "Breki nimemwacha kituoni." Hawakufika mbali baada ya daraja.

Sielewi, Shemeji. Mtu aliyelipenda jina lake namna ile, kwa nini alikatae dakika ile? Na wale walikuwa wanacheka nini? Askari nilimuuliza, akaangalia mkongojo wake, akasema yeye ni mgeni katika mambo ya polisi, nikuulize wewe. Nalifikiria nikifua, nalifikiria nikimsuka mtoto, na kila nikilizungusha linakataa kukaa sawa. Wewe ulimjua kuliko wote kazini. Niambie.

Mke wa Breki


Kituoni, 14 Oktoba

Shemeji,

Barua yako imekaa mfukoni mwa sare yangu tangu ilipofika. Nimesimama nayo gwarideni, nimekaa nayo kaunta nikiandikisha watu waliopoteza vitambulisho, na kila nikitaka kukujibu natafuta kwanza sentensi itakayoniacha mzima. Haipo.

Breki halikuwa jina la sifa. Nililitunga mimi kwenye chumba cha chai ili tumcheke. Tulikuwa tunafukuza gari la wizi, mimi nimekaa pembeni yake, mpira ukaingia barabarani akabreki. Nilipasuka mdomo kwenye dashibodi, wezi wakatokomea. Mtoto hakutokea. Nilijua tukirudi kituoni tutaulizwa nani amesababisha, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa ndani ya lile gari. Kwa hiyo nikawahi kuwachekesha watu. Walipocheka, swali likamhamia yeye. Alifanya jambo sahihi, Shemeji. Nililijua hilo damu ikiwa bado inanidondoka kwenye shati.

Maana unayoijua wewe aliitunga yeye, apate namna ya kuingia na jina hilo nyumbani kwake.

Alipofika jeshini aliniandikia akaniomba jina lisimfuate. Nililituma. Nilikaa jioni nzima napaka rangi pedeli ya breki ili akifunguliwa mzigo mbele za watu wacheke vizuri. Akaniandikia tena, safari hii hakuomba, alisema tu kwamba atawaonyesha. Mimi nikamjibu, "Kanyaga." Ndilo neno langu la mwisho kwake. Miezi yote hii nimekuwa nikiomba barua ile iwe imepotea njiani. Sasa umeniandikia alichosema pale darajani, nami najua ilifika.

Wewe unauliza walikuwa wanacheka nini. Walikuwa wanacheka nilichowapa mimi.

Habari ya utaratibu nilikudanganya. Niliogopa kulisoma jina lile kila asubuhi nikiingia kazini, nikaogopa zaidi kwamba utanishukuru tena. Mchonga mawe hajaanza. Wenzangu hapa wote wanajua maana yake, ni Mkuu mpya tu asiyejua. Sema neno moja, litaondolewa. Na kama hutaki niwepo siku hiyo, nitaomba lindo mahali pengine.

Sajenti


Kwa mama, 2 Novemba

Sajenti,

Juzi ulinitafuta kwa macho sherehe nzima ya kuzindua jiwe. Nilikuona. Nilipopita mbele yenu sikukupa mkono, na watu waliliona hilo, basi na waone.

Jina nililiondoa mimi. Nilimpigia Mkuu nikamwambia jiwe libaki na lile alilopewa na mama yake. Akauliza sababu, nikasema ni mambo ya nyumbani. Sikutaka wenzako wawe wanapita pale asubuhi na kumcheka kimoyomoyo hata akiwa jiwe. Ulipoita jina lake na mstari mzima ukaitika "Yupo kazini!", nilimtazama Ngazi, aliyepewa ruhusa ya kuja kutoka jeshini, akifuta macho. Nilitaka kumwonea huruma, ikakataa kuja.

Hukuniomba msamaha. Kwa hilo nakushukuru, maana ungeniomba ningelazimika kukujibu. Lakini ukubali kwamba ulipokunja ile karatasi ukaitia kwenye bahasha ulipumua. Mimi sijapumua tangu nilipoifungua. Usiku mmoja nilikuwa na mume aliyelipenda jina lake, asubuhi nikawa na mume aliyekuwa anakuja nyumbani na aibu yake, anaigeuza mlangoni iwe mchezo, na mimi nacheka na mwiko mkononi. Nilimwita Breki kwa mapenzi kila siku. Kila siku, Sajenti. Hiyo nayo umenipa wewe, na hata siwezi kumwomba radhi.

Sasa sikiliza. Watoto hawajui na hawatajua, siyo wakiwa na umri huu. Wadogo hawaulizi. Binti yake mkubwa anauliza. Anataka kujua nani alimpa baba jina na lina maana gani, anataka kuhadithiwa upya kila siku. Zamani nilikuwa namhadithia vizuri. Sasa nikianza sauti yangu inabadilika, naye ni mtoto anayesikia. Kwa hiyo nimemwambia kuna rafiki wa baba kazini aliyelitunga, na atakuja.

Utakuja Jumapili ya wiki ijayo baada ya chakula cha mchana. Atakuuliza. Utamwambia maana ile ile aliyonipa baba yake, ukiwa unamtazama usoni. Hutakohoa wala hutaangalia saa. Mimi nitakuwa jikoni na mlango nitaufunga. Siku atakapokuwa mkubwa akatafuta ukweli, nao ataupata kwako, siyo kwangu. Ukishaondoka niandikie alichouliza na ulichomjibu, ili nisije nikampa jibu tofauti.

Mama watoto


Kituoni, 12 Novemba

Shemeji,

Uliagiza nikuandikie, ndiyo hii.

Ulipofunga mlango wa jikoni alinionyesha mahali pa kukaa, kochi lile lile la mama yako, naye akavuta kigoda akakaa mbele yangu kama mpelelezi. Alikuwa ameniandalia maswali. La kwanza lilikuwa kama ni kweli mimi ndiye niliyempa baba yake jina. Nikasema ni mimi. Akauliza lina maana gani.

Nikamwambia tulimwita Breki kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anawasimamisha wahalifu. Wakimwona kwenye usukani walijua safari yao imeishia hapo. Nilimtazama usoni kama ulivyotaka. Ana macho ya baba yake, hukunionya. Akauliza, "Wote walisimama?" Nikasema wote. Akauliza kama alikuwa dereva mzuri kuliko mimi. Nikamwambia alikuwa dereva mzuri kuliko wote niliowahi kukaa nao, na kwamba mpira ukiingia barabarani alikuwa anasimama hata kama hamwoni mtoto. Hilo la mpira halikuwa kwenye maagizo yako. Lilinitoka. Ukiona halifai, siku nyingine sitalitaja. Akasema, "Mtoto si anakuja nyuma?" Nikasema ndiyo, anakuja nyuma.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta kofia yangu. Akaniuliza, "Na wewe wanakuitaje?"

Nikamwambia Sajenti.

Akasema, "Hicho si cheo? Jina la utani."

Nikamwambia sina. Hakuniamini. Akanitajia Ngazi, akanitajia Kesho, wote anawajua kwa hadithi za baba yake, akasema, "Haiwezekani wewe uwape watu wote majina na wewe usipewe." Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyewahi kunipa. Akanionea huruma, Shemeji. Niliiona ikija usoni kwake na sikuwa na mahali pa kujificha. Akaweka mkono wake juu ya goti langu akasema, "Usijali, nitakutafutia mimi. Ila nisubiri kidogo nifikirie, nisije nikakupa baya."

Nikamwambia afikirie tu, nitasubiri. Ndiyo maana niliondoka bila kuja jikoni kuaga.

Sajenti